Kiboko na Jando la Pili

— Hodi, ngano!
— Ngano, pita!
— Nipite na nani?
— Pita na mdogo!
— Na mkubwa je?
— Mkubwa atajipitisha mwenyewe!

Haya, sogeeni. Wanawake kaeni mnapotaka. Wanaume njooni hapa mbele, karibu yangu, maana ngano hii ni yenu, na mimi nawajua: mkikaa nyuma mtasinzia palepale panapowahusu.

Hapo kale, kwenye mto mmoja wenye matete mengi, aliishi Kiboko. Kiboko huyu alikuwa mkubwa, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Anakula chake. Akimaliza chake, anakula cha mwenziwe. Akimaliza cha mwenziwe, anauliza nani mwingine hajamaliza. Akitembea, ardhi inasema di! di! di! Akipiga mwayo, ndege wanahama.

Alikuwa na mke, na binti yao mdogo aliyeitwa Kipovu. Kwa hiyo mke tutamwita Mama Kipovu, kama majirani walivyomwita.

Sasa, Kiboko alikuwa na neno lake moja. Ujanani alipelekwa jandoni kama wanaume wote wa mto ule. Akakaa kumbini na wenzake, akafundwa, akaimba nyimbo, akatoka, akavishwa nguo mpya, akapigiwa vigelegele. Basi kwa Kiboko elimu ilifunga mlango siku ile. Kila kinachompasa mwanamume kukijua, aliamini amekwisha kukijua. Na kama hakukijua, basi si cha wanaume.

Mkewe anamwambia, "Baba Kipovu, mtoto analia. Hebu mbembeleze, mimi nina chungu motoni."

Kiboko anajibu, "Mimi nilishatoka jandoni."

"Baba Kipovu, paa linavuja. Hebu katazame wenzako wanavyoezeka, nawe ujue."

"Mimi nilishatoka jandoni."

"Baba Kipovu, basi kaa tuzungumze. Mwaka wa ngapi huu hatujazungumza?"

"Mke wangu, mimi ni-li-sha-to-ka jandoni!"

Siku moja Mama Kipovu hakusema tena. Alifunga kanga zake, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwao, kule juu mto unakopinda. Hakupiga kelele, hakuvunja sahani. Mke akiondoka kwa kelele, jamani, mpe nusu saa, atarudi kumalizia maneno. Akiondoka kimya, hapo pana kazi.

Kesho yake Kiboko akamfuata. Hodi hakubisha. Alisimama uani kwa wakwe zake, akapanua kinywa: "Nimekuja kuchukua mke wangu!"

Baba mkwe akamwambia, "Mke si mzigo, bwana. Rudi ulikotoka."

Kiboko akarudi. Jiko limepoa. Kitanda cha mtoto kitupu. Kwa mara ya kwanza aliiona nyumba ile ilivyo kubwa, na alihuzunika, tusimfiche, alihuzunika sana. Ila hakujua mwanamume afanye nini na huzuni, kwa sababu jandoni hawakumwambia. Na kupika hajui. Hata moto kuuwasha hajui. Njaa ikamuuma, akaifuata pua yake, na pua ikampeleka kwa Mzee Sange.

Sange mnamjua, yule mdogo wa vichakani, mwili wa panya, pua ndefu inayochezacheza saa zote: tiki, tiki, tiki. Mzee Sange alikuwa mgane, mkewe alishafariki, anaishi peke yake na matuta manne ya viazi vitamu. Manne tu. Hicho ndicho chakula chake mpaka mavuno mengine.

Asubuhi ya kwanza: di! di! di! Kiboko kaingia shambani. Kwachu, kwachu, kwachu! Tuta moja limekwisha.

"Bwana mkubwa," Sange akasema, "hivyo ni viazi vyangu."

"Vitamu," Kiboko akasema, akaondoka zake.

Asubuhi ya pili: di! di! di! Kwachu, kwachu, kwachu! Tuta la pili limekwisha.

"Bwana mkubwa, mimi nitakula nini?"

"Wewe mdogo. Kula kidogo."

Asubuhi ya tatu: di! di! di! Kwachu, kwachu, kwachu! Safari hii Sange alikaa juu ya tuta lililobaki, pua tiki, tiki, tiki, anafikiri. Kesho na hili likiliwa, atakufa kwa njaa kabla mvua hazijaanguka. Ampige? Atavunjika mkono. Amshitaki? Nani wa kumkamata? Akawa anamtazama tu anavyokula. Ndipo alipoona kitu. Kiboko alikuwa analia. Anatafuna, chozi linadondoka. Kwachu, chozi. Kwachu, chozi. Wala hakujifuta.

Moyo wa Sange ukamlegea, na hapohapo akapata hila. Msishangae. Kuna hila zinazotoka kwenye moyo uliolegea, na ndizo kali kuliko zote.

Asubuhi ya nne Kiboko alimkuta Mzee Sange kavaa shuka jeupe, kashika kifimbo, anaimba kwa pua.

"Leo niwie radhi, bwana mkubwa, sina nafasi. Naenda kutayarisha jando."

"Jando? Msimu wake bado. Tena mimi nilisha..."

"Ulishatoka, najua. Lile la kwanza, la watoto. Hili ni jando la pili." Sange akaziba mdomo. "Ala! Nimesema nini mimi?"

"La pili?"

"Sikusema."

"Umesema!"

"Hawachukuliwi wote, bwana mkubwa. Wanachukuliwa wakubwa wa wakubwa. Na wanavyokula huko..." Akaziba mdomo tena. "Ala! Uzee huu!"

Masikio ya Kiboko yakasimama wima. "Wanakula nini?"

"Kunde za nazi. Viazi vya nazi. Mchicha wa karanga. Siku saba, asubuhi na jioni."

"Niingize."

"Siwezi."

"Niingize, nitakuachia tuta lako."

"Siwezi, bwana. Ni siri."

"Niingize, babu!"

Alipoitwa babu, Sange akajikuna sikio kama mtu aliyeshindwa. "Haya. Ila usimwambie mtu mpaka utoke. Mimi ndiye nyakanga, mimi ndiye mkuu wa jando. Nikisema kaa, unakaa."

Wakaanza kwenda. Kiboko akapiga hatua tatu, di, di, di, akasimama.

"Babu... kisu kipo?"

"Kipo."

Kiboko akabana miguu. "Cha... cha nini?"

"Cha kukatia vitunguu."

"Ahaa!" Akapumua, phuuu, mpaka majani yakalala.

Jando lenyewe lilikuwa jikoni kwa Sange, nyuma ya kichuguu, na mwari, yule wa kufundwa, alikuwa mmoja. Sange akampa masharti. "Mwari wa jando la pili hapikiwi. Anakula alichopika mwenyewe. Na akikwama, haruhusiwi kusema alishatoka jandoni. Anasema hivi: Sijui, nifunde. Asiposema, hafundwi. Asipofundwa, hali."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! Akapewa nazi na mbuzi ya kukunia, kile kigoda kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno. Akakitazama. Akakigeuza juu chini. Akaona haya kuuliza, akakikalia tu. Kwaa! Kikavunjika vipande viwili.

"Sasa?" akauliza Sange.

"Si... si... si..."

"Sindano?"

"Hapana! Si... si..."

"Siafu?"

"Babu, usinichanganye! Siju... siju..." Akashindwa. Akatoka nje, akazunguka kichuguu, akarudi. Akajaribu tena, neno likakwama kooni. Jua likafika utosini. Tumbo likanguruma, grrrm. Sange amekaa, anangoja, hana haraka.

Mwisho Kiboko akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa majivu. "Sijui," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Nifunde."

Ardhi haikupasuka. Hakuna aliyecheka. Ndege mmoja alipita, akaendelea na safari yake.

"Vizuri," akasema Sange. "Tutatumia mbuzi ya jirani, na utakaa pembeni, siyo juu. Nazi unaishika hivi. Unaizungusha, usiikandamize."

Kwaru, kwaru, kwaru. Kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akakuna nazi, akakamua tui. Alitia lile tui zito kwanza, akaondoka kwenda kuota jua, likachemka, likakatika. Safari hii hakuzunguka kichuguu. "Sijui, nifunde," akasema. Akafundwa: tui jepesi ndilo la kuchemshia, zito linangoja mwisho, na likiingia unakoroga, huendi popote.

Kunde zikaiva. Kiboko akaonja. Akaonja tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alifika nusu ya chungu, akasimama.

"Babu, kula na wewe. Nimepika mimi."

Mimi nayasimulia haya kwa raha kwa sababu na mimi nimepita humo. Nilijua kukuna nazi nikiwa na miaka hamsini na sita. Msicheke. Niliona haya hata nikafunga dirisha, mke wangu akadhani mle ndani kuna mwizi. Endeleeni kucheka, basi, lakini nani kati yenu ameshawahi?

Siku ya pili na ya tatu, nyakanga alisema mwari lazima alime. Alime nini? Matuta matatu. Wapi? Palepale alipokula. Kiboko akalima, akapanda marando ya viazi, akamwagilia, akaambiwa hiyo ni siri kubwa ya jando. Mzee Sange amekaa kivulini anakula kunde. Mnaliona hilo? Mwizi analipa na kushukuru juu yake!

Siku ya nne akapewa gogo. "Huyu ni mtoto, analia. Mlaze."

"Sijui, nifunde." Siku hizi neno lilikuwa linatoka lenyewe.

Akafundwa kulipakata. Akafundwa kulitikisa taratibu. Wimbo alitunga mwenyewe:

*Lala Kipovu, lala,*
*mto nao umelala,*
*baba yako yu macho,*
*wewe lala.*

Aliimba mara kumi na moja. Sange alikuwa anamsikiliza mlangoni, pua imetulia. Alitaka kumwambia inatosha, akaona amwache.

Siku ya tano, kuezeka paa. Siku ya sita ikawa ngumu kuliko zote: Sange alikaa mbele yake, akazungumza, na Kiboko alitakiwa asikilize tu. Asidakie, asipige mwayo, asiseme yeye angefanyaje. Kiboko alitoka jasho siku ile kuliko alipolima.

Siku ya saba akatolewa. Akafungiwa shuka jeupe kiunoni, likamfika robo tu, akatoka anatabasamu. Njiani akakutana na Ngiri.

"Bwana Kiboko, shuka la nini?"

"Natoka jandoni. Jando la pili."

Ngiri akacheka mpaka akaangukia pua. "Jando la pili! Mimi nimezaliwa mto huu, baba yangu kazaliwa mto huu, jando ni moja tu! Nani amekufanya mjinga?"

Kiboko akasimama. Akafikiri. Nazi. Matuta. Gogo. Matuta! Damu ikampanda kichwani. Di! di! di! di! di! Akarudi mbio, miti inayumba, mawe yanaruka, akamkuta Mzee Sange mlangoni kwake. Akauinua mguu juu ya kichwa cha mzee. Mguu mmoja tu ule ulikuwa unatosha kwa Sange kumi.

"Umenidanganya!"

Sange hakukimbia. Angekimbilia wapi? "Nimekudanganya, mwanangu. Jando la pili halipo. Nilikuona unakula viazi vyangu huku unalia, nikalitunga."

"Mimi sikulia!"

"Ulilia. Nami nililia hivyohivyo. Siwema wangu alipofariki, nilikaa jikoni nimeshika unga, sijui niutie maji kiasi gani. Mzee mzima. Nimejifunza kwa kuunguza, na kwa kuuliza majirani. Sasa najua. Kunde zangu umezila, unajua zilivyo. Siwema hakuzionja. Miaka thelathini alinipikia, na siku alipougua, hata uji sikumpikia. Sikujua, na niliona haya kuuliza." Pua ikaanza tena, tiki, tiki. "Kanyaga basi, kama unakanyaga."

Mguu ulikuwa bado juu.

"Alikuwa anapenda chakula gani?" Kiboko akauliza.



"Sijui," akasema Mzee Sange. "Sikumuuliza."

Kiboko akaushusha mguu pembeni, polepole, kama anayeweka yai. Wakakaa wawili wale mlangoni, mkubwa na mdogo. Baadaye Sange akamsukuma kwa kifimbo.

"Wako yu hai," akasema. "Unakaa hapa unafanya nini?"

Kiboko akapika kunde za nazi, chungu kizima, akakishika kwa mikono miwili, akaenda juu mto unakopinda. Alitembea kwa tahadhari ili tui lisimwagike, na siku ile ardhi haikusema di hata mara moja. Alipofika uani kwa wakwe, akasimama mbali.

"Hodi! Hodi, wakwe zangu!"

Akangoja.

"Hodi!"

Mama Kipovu akatoka, mikono kiunoni. Akatazama chungu. Akatazama vidole vya mumewe, vyote vimechunwa na mbuzi ya nazi.

Njiani Kiboko alikuwa amepanga maneno mengi, matamu, marefu. Yote yakapotea. "Mama Kipovu," akasema, "nimepika kunde. Nimepika kunde kwa sababu ndizo ninazojua. Unachokipenda wewe sikijui. Nimekaa na wewe miaka tisa, nimekula kila ulichopika, na sikijui. Naomba unisamehe, na naomba uniambie. Unapenda nini?"

Mama Kipovu akakipokea chungu, akakiweka chini. Wazazi wake walikuwa wakichungulia dirishani, wanabanana.

"Mhogo wa kuchoma," akasema mwishowe. "Uliobabuka upande mmoja."

"Mhogo unachomwaje?"

Basi hapo Mama Kipovu akacheka, na akalia, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze kufuta kipi. Kipovu akatoka mbio kuona mama analia nini, akamwona baba yake, akamrukia shingoni.

"Kaa hapa, Baba Kipovu," mkewe akamwambia. "Kwanza washa moto. Kuwasha moto unajua?"

"Hilo najua," akasema Kiboko, akainama kupuliza.

Wa kwanza uliungua. Wa pili ukawa mbichi ndani. Wa tatu Mama Kipovu aliula wote, upande uliobabuka akauacha wa mwisho, na jua lilipokuwa likishuka nyuma ya matete alikuwa bado anamwambia mumewe vitu vingine anavyovipenda. Vilikuwa vingi. Kiboko alisikiliza, hakudakia.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Basi chukueni fundisho.

Fundisho ni hili. Enyi wanaume, jifunzeni mara moja tu, mkiwa wadogo, kisha mfunge mlango na mpoteze ufunguo. Mwangalieni Kiboko, maskini. Alijifunza kubembeleza, sasa mtoto hakubali kulala mpaka aimbiwe na yeye. Alijifunza kusikiliza, sasa mkewe anamwita kila saa, "Baba Kipovu, njoo nikwambie!" Alijifunza kupika, sasa hawezi hata kwenda kuiba viazi vya watu kwa amani, maana kila Ijumaa amealikwa kwa Mzee Sange, na anakwenda na chungu chake. Raha yote ya ujinga imemponyoka. Msije mkafanana naye.

Hapo naitua chini. Kama imewanogea, gawaneni. Kama imeungua, niachieni sufuria, nitaikwangua mwenyewe.